Viti Viwili Juu ya Duka la Dawa

Jumatatu, 22 Februari
Karakana ya vioo

Mke wangu,

Nilikupoteza Jumapili, tarehe saba mwezi huu, saa nne asubuhi, nikiwa juu ya ngazi nabadilisha kioo cha dirisha la jirani. Nilikuona unapita na begi, nikakuuliza kwa sauti kama unakwenda sokoni. Ukasema, "Nakwenda kwa dada." Nikasema, "Msalimie." Miaka kumi na tisa ya ndoa nikaifunga kwa neno moja, tena la kumsalimia mtu mwingine.

Nimekaa nikidhani utarudi. Simu hupokei. Dereva wetu wa mzigo anasema umemwambia kwamba ukipokea naongea mimi peke yangu, kwa hiyo nikiwa na la kusema niandike. Haya, naandika. Dereva anapeleka vioo huko kwenu mara mbili tatu kila wiki. Barua zangu atakuletea yeye, na majibu mpe yeye.

Mimi nina malalamiko yangu na nitayasema. Nilianza na kikata kioo cha kuazima na leo watu wanane wanakula kwa karakana hii. Silewi. Sizururi. Mama yako alipougua, nani alimleta kwetu? Nani alimbeba kutoka kitandani hadi kwenye gari kila siku ya hospitali? Alipofariki, kuna bili hata moja uliyoiona wewe? Na yalipokwisha yote nikakuwekea dirisha kwenye chumba chake, mita mbili kwa moja na nusu, kioo ambacho ningewauzia benki. Ulisimama mlangoni, ukatazama, ukaenda jikoni. Hata ahsante. Miezi mitatu baadaye, begi.

Sasa nasikia unataka niende kwa mshauri nasaha, yule wa kulipia, na nisipokwenda hatuongei. Sina wazimu mimi. Lakini nimeuliza bei. Dakika hamsini zinakwenda kwa bei ya mlango mzima wa bafuni, kioo na bawaba zake. Tena hamsini, hata saa haijatimia! Hizo kumi zinazobaki anampa nani?

Niambie basi, mtu akiingia mle anafanywa nini? Analazwa? Anaandikiwa vidonge? Anaulizwa mambo ya chumbani kwake? Sijawahi kuanza kazi bila vipimo.

Mumeo,
Fundi


Alhamisi, 25 Februari
Kwa dada

Mume wangu,

Barua yako nimeisoma mara ya kwanza nikacheka, mara ya pili nikanuna. Dada anasema salamu zako zilifika, zilikuja na begi.

Hakuna anayekulaza wala kukupa vidonge. Mimi nimeshaanza na mshauri wa huku, kwa hiyo nakuambia nilichokiona, si nilichosikia. Siku ya kwanza nilifika mapema kwa ajili ya woga, nikazunguka jengo zima kama mwizi. Nilipoingia alinipa kwanza taratibu zake. Ninayoyasema yanabaki mle ndani. Ila akiona nataka kujidhuru au kumdhuru mtu, hapo hawezi kunyamaza. Akaniambia muda, akaniambia bei, na kwamba nikishindwa kuja nimjulishe siku moja kabla, la sivyo nalipa vilevile. (Hilo utalipenda.) Akasema naweza kuacha siku yoyote, na nikiona hatuendani nitafute mwingine bila kuona haya, kama vile mtu anavyojaribu kiatu.

Halafu akaniuliza ni nini kimenileta. Nikasema sijui, nikatazama zulia. Hakuniokoa. Alisubiri tu. Huo ukimya wewe utauchukia. Nakuomba usiujaze na hadithi za kazi.

Hatakuambia nani ana haki. Nilitaka sana aseme wewe ndiye mbaya, hakusema, nikamnunia wiki nzima. Na siku za mwanzo unatoka umechoka kuliko ulivyoingia, kama mtu aliyehama nyumba.

Huko mjini kwetu yupo mmoja, mwanamke, ghorofa ya pili juu ya lile duka la dawa la kona. Nenda mara tatu peke yako. Ya nne nitakuja, nikae na wewe. Sisemi narudi. Nasema nitakuja tuongee. Lakini nenda kwa moyo wako, usiende kutafuta risiti ya kunionyesha.

Habari ya dirisha siiandiki. Bado.

Mkeo


Jumamosi, 6 Machi
Karakana

Mke wangu,

Tumeshaanza. Chumba ni mita tatu na nusu kwa nne. Ngazi zina mkono upande mmoja tu, mzee akianguka atafika chini kabla ya fimbo yake. Viti ni viwili, vya kitambaa cha kijani, vimewekwa mshazari ili mtu asijione yuko polisi. Kuna meza ndogo, maji, na boksi la karatasi laini za kufutia uso. Saa ya ukutani iko nyuma ya mteja, anayeiona ni mshauri. Dirisha moja, kioo chake kimepasuka kona na kimezibwa kwa gundi, aibu tupu. Mlango unalia.

Mshauri ni mama wa makamo, ana miwani na sauti ya chini. Alieleza yaleyale uliyoeleza, ya siri, ya muda, ya malipo. Kisha akauliza ni nini kimeleta mtu pale.

Nikuambie jambo ambalo sikutegemea kukuandikia. Machozi yalitoka. Mtu mzima na ndevu zake. Karatasi tatu ziliishia mle.

Sina zaidi. Zimebaki mbili.

Mumeo,
Fundi


Jumanne, 9 Machi
Kwa dada

Mume wangu,

Barua yako nimeisomea kizingitini, sikuweza kufika ndani.

Nimekuona umekasirika, nimekuona ukishonwa kiganja bila ganzi, umekaza meno, lakini chozi lako sijawahi kuliona. Siku ya kumzika Mama ulikuwa barabarani unapanga magari. Usiku nililala kando yako nikajiambia, huyu mtu hana maji ndani yake. Nilikuhukumu. Nisamehe.

Ulimlilia Mama? Kama unaweza, niambie.

Basi na mimi niseme la dirisha. Chumba kile nilikuwa sijamalizana nacho. Kila asubuhi ukishatoka kwenda kazini nilikuwa naingia, najilaza kwenye godoro la Mama, najifunika mtandio wake. Harufu yake ilikuwa bado ipo, ya mafuta ya nywele na ile dawa ya kuchua. Sikukaa sana. Nilikuwa nalia kidogo, nanawa uso, nakwenda zangu. Halafu siku ile nimetoka dukani nakuta wanaume, rangi, ukuta umetobolewa, na godoro liko juu ya gari. Ukaniambia, "Nilitaka ukute imeshakwisha." Ulikuwa unacheka, umejaa vumbi mpaka kope. Mtu anayecheka hivyo unamfokeaje? Nikaenda jikoni. Nadhani nilikaa jikoni humo miezi mitatu.

Lakini kama na wewe unamlilia, basi tunalia wawili. Nitakuja hiyo ya nne. Nimeshamwambia dada, na wewe unajua dada asivyokupenda. Usiku akasema tu, "Kumbe."

Mkeo anayekukumbuka


Ijumaa, 12 Machi
Kwa dada

Fundi,

Futi amekuja.

Jana alasiri, kwenye gari la vioo pamoja na dereva. Nilipomwona mpimaji wako getini na kofia mkononi nikadhani umemtuma apime madirisha ya dada. Akasema, "Mama, nimekuja kuomba radhi kwa lile godoro. Nililibeba mimi. Nilikuona umesimama, mikono kichwani, nikataka kulishusha. Bosi akasema harakisha. Tangu siku ile sina amani."

Nikamwambia yamepita, akae anywe maji. Nikamuuliza, imekuwaje leo, baada ya muda wote huu?

"Nilimsimulia yule mshauri. Akaniuliza nani hasa anapaswa kuyasikia."

"Mshauri yupi?"

Alinitazama kama mtu aliyekanyaga kioo na bado hajaangalia mguu. "Mama, kumbe hajakuambia? Bosi alinituma nikapime kwanza."

Nikapime! Kwa hiyo machozi yalikuwa ya Futi, na zile karatasi tatu ni za Futi. Wewe ulichukua kilio cha mtu ukakipeleka kwangu kama mzigo wako, ukatia na sahihi. Na mimi nikakifungulia moyo. Nikakueleza la godoro, jambo ambalo hata dada sikuwa nimemwambia. Nikaomba na msamaha juu yake!

Ungeniandikia kwamba umeogopa, ningekuelewa. Ungesema hutaki, ningenuna yakaisha. Usiniandikie tena urefu wa chumba cha mtu. Na hiyo ya nne isahau.

Binti wa aliyelalia godoro lile


Jumapili, 14 Machi
Karakana

Mke wangu,

Barua yako niliisoma jana asubuhi na kioo mkononi. Nilikiweka chini kabla hatujaanguka wote wawili. Sikatai hata neno moja.

Nakueleza ilivyokuwa, uione tu. Tangu nimpate Futi sijawahi kumpa mtu bei kabla yeye hajaenda na tepu yake. Hata kwa kaka yangu alitangulia Futi. Mwenye karakana akienda mwenyewe anaona haya, anakubali kila kitu, anarudi na hasara. Nikaona na hii ni kazi kama nyingine. Nikamwambia, nenda, angalia palivyo, uliza inachukua muda gani, usiseme lolote. Naye hakudanganya mtu. Mlangoni tu alisema ametumwa. Mshauri alicheka, akamwambia, "Aliyelipa hayupo, lakini aliyefika ni wewe. Ukitaka kukaa, kaa." Akakaa. Alirudi macho mekundu. Nikamuuliza kamwambia nini. Akanijibu, "Bosi, hicho siyo kipimo cha fremu." Hajawahi kunijibu hivyo.

Nilipokaa kukuandikia, nilikuwa na macho ya Futi mbele yangu, na yangu hayakuwa na kitu cha kuandika. Ningekuambia nini? Kwamba saa ile nilikuwa hapa nakata kioo cha bafu? Nikaandika yale yaliyokuwepo. Nilijua utafurahi. Nilipopata jibu lako la Jumanne nilijua pia nimefanya nini, ila sikujua pa kulianzia.

Nilipomaliza kusoma jana nilinawa mikono nikaenda mwenyewe. Saa ilikuwa yangu, imeshalipiwa.

Cha kwanza nilitaka kujua Futi alisema nini. Mshauri akasema hawezi kuniambia. Nikamwambia, "Nimelipa mimi." Akasema, "Umelipa saa. Maneno ya mtu hukuyanunua." Nikamuuliza kazi hii inakwisha baada ya mara ngapi. Hajui. Nikamwambia anipe makadirio. Akasema tukifika ya sita tutakaa tuangalie kama inanisaidia, na kama hainisaidii atanielekeza kwa mwingine. Nikamwambia angekuwa kwenye vioo angelala njaa. Akacheka, hakukasirika, hilo nalo likaniudhi.

Halafu ukaja ule ukimya wako. Nikamwambia mlango wake unalia, nina mafuta garini, ni kazi ya dakika mbili. Akasema, "Mlango utasubiri. Ulitaka kusema nini kabla hujaukumbuka mlango?" Nikakaa tena. Nikamweleza lile dirisha, ukubwa wake, unene wa kioo, na wewe usivyosema ahsante. Akauliza, "Nani aliliomba?"

Nikasema hakuna. Nilijua tu kwamba unalihitaji.

"Ulijuaje?"

Hapo nikakwama kama msumeno kwenye ubao mbichi. Muda ukaisha. Nikatoka bila kumpa mkono, na hasira niliyokuwa nayo ilinifikisha jioni.

Hiyo ndiyo ya kwanza. Chozi halikutoka hata moja. Sijatia chumvi.

Fundi


Alhamisi, 18 Machi
Kwa dada

Fundi,

Nimepokea. Angalau hii nimeitambua, ni wewe. Nimempa dada aisome makusudi. Amesema, "Huyu sasa ndiye yeye. Jeuri mpaka kwa mganga wa roho."

Sijakusamehe, na ya nne siahidi.

Nina swali moja, ni lilelile la mshauri. Ulijuaje? Ulisimama katikati ya chumba cha mama yangu ukajua ninachohitaji. Kivipi, na mimi hukuniuliza? Usinijibu haraka. Kama jibu huna, andika kwamba huna. Usimtume mtu akalipime.

Futi usimguse. Nikisikia umemfukuza kazi, hata barua sitapokea.

Binti wa mama yake


Jumapili, 28 Machi
Karakana

Mke wangu,

Ulisema nisijibu haraka, nimetii. Futi yupo, amekwenda kupima shule. Ameomba ruhusa ya Jumatano mchana kila wiki, analipa mwenyewe kule juu. Sikumuuliza kitu.

Mimi nimekwenda ya pili na ya tatu. Ya pili haikuwa na faida unayoweza kumwonyesha mtu. Nilizungumza habari za madeni ya wateja, mshauri akasikiliza, nikajisikia mjinga. Nilitaka kuacha. Nilishuka ngazi nikiwa nimeshaacha. Nilipofika garini nikakumbuka kwamba swali lako bado sina cha kulijibu.

Ya tatu ilikuwa jana. Akaniambia nimsimulie Mama. Nikaanza na ugonjwa, hospitali, magari. Akasema, "Hapana. Yeye mwenyewe, alikuwaje?"

Nikamwambia kwamba kila alfajiri nikipita mlangoni pake kwenda kazini, wewe umelala, alikuwa ananiita kwa ndani, "Fundi wa watu, umevunja vingapi leo?" Nami namjibu, "Bado mapema, Mama." Anacheka mpaka anakohoa. Kila siku ni hivyohivyo, utani mmoja tu, na haukuzeeka. Unajua mama yangu mzazi simkumbuki. Nilianza kuvuta mkokoteni nikiwa mtoto, na tangu hapo mtu akiniita alfajiri ujue anadai kitu. Yule alikuwa ananiita bure.

Tulipomzika nikaendelea kupita pale. Miguu ikawa inapunguza mwendo yenyewe. Nikawa nasimama mlangoni, viatu mkononi, nasubiri niulizwe. Asubuhi moja nikajibu. Nilisema kwa sauti, "Bado mapema, Mama," chumba kitupu, wewe umelala ng'ambo ya ukuta. Mke wangu, niliogopa. Nilidhani nimeanza kurukwa na akili, na mtu wa kumwambia sikuwa naye. Siku hiyohiyo nikawaita Futi na wenzake, rangi, nyundo, kila kitu.

Basi jibu lako ni hili. Sikujua. Sikujua unahitaji nini, wala sikukufikiria. Dirisha lile nililiweka ili nipite pale bila kusimama. Nikaliita zawadi kwa sababu zawadi haiulizwi maswali. Na godoro ulilokuwa unalilalia nikalitupa kwa ajili ya miguu yangu mwenyewe.

Ninachojutia kuliko ule uongo wa machozi ni hiki: alfajiri nilikuwa nasimama mimi, nikishaondoka unaingia wewe. Tulikuwa tunapokezana mlango mmoja kama walinzi, na hakuna aliyemwona mwenzake. Ningechelewa siku moja tu. Ungeamka mapema siku moja tu.

Godoro nimelitafuta. Nilikwenda mwenyewe. Gari lililipeleka kwenye uwanja wa mbao, mlinzi akalilalia mpaka mvua zilipoanza, likaoza, wakalichoma. Mtandio hakuna anayeukumbuka. Nilimsimamisha kila mtu mle uwanjani. Sina cha kukurudishia, na nisingependa utegemee.

Utataka kujua kama nililia jana. Sauti ilikata, mshauri akasogeza maji, nikanywa. Basi. Siongezi, sipunguzi.

Na malalamiko yangu bado ninayo. Miezi mitatu unalala kando yangu na jambo hilo kifuani, ukaninyima hata tusi moja. Ungenirushia sahani ningejua pa kuanzia. Hilo sitaliandika zaidi hapa. Nataka nikilisema uwepo, unijibu mbele yangu, na mimi ninyamaze mpaka umalize. Nimeanza kujifunza kunyamaza. Nakuapia, ni kazi ngumu kuliko kubeba kioo ngazini.

Ya nne ni Jumamosi hii, tarehe tatu Aprili, saa tatu asubuhi. Wakiwa wawili anatoza zaidi. Nimelipa, sikubishana. Ukisema hapana nitakwenda peke yangu, kwa hiyo usije kwa kuhurumia hela. Mshauri anataka kujua siku moja kabla kama tutakuwa wangapi, na mimi siwezi kumpelekea "labda".

Dereva atafika kwa dada Jumatano, atalala, atageuza Alhamisi saa sita mchana. Barua yako iwe mkononi mwake kabla ya saa hiyo. Usiniandikie habari za dada, usiniandikie mvua, na usiniandikie "tutaona". Wala huhitaji kunisamehe ndani ya barua. Nataka neno moja, zito au jepesi, nitalipokea lilivyo:

Jumamosi saa tatu, unakuja au huji?

Mumeo,
Fundi